Sauti ya Kidevu

Jumamosi moja, saa tatu na nusu asubuhi, mpiga chapa wa mahakama alikuwa jikoni anamenya viazi, akasikia mlango unabishwa mara tatu. Hakuwa akimtarajia mtu. Fundi bomba alikuwa ameahidi kuja Jumatatu, na Jumatatu ya fundi bomba kila mtu anaijua. Majirani nao hawakuwa na desturi ya kubisha. Wao waliitia dirishani. Alifuta mikono kwa aproni, akaenda kufungua.

Alisimama mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amevaa sare ya msimamizi wa stesheni, kofia ameishika kifuani. Hakuwa na rangi. Si nguo tu. Uso, midomo, kucha, hata ulimi alipofungua mdomo, vyote vilikuwa vya kijivu. Pazia la bluu lililokuwa likimpepea begani lilibaki bluu. Mikwaruzo myembamba ilikuwa ikimshukia kuanzia utosini mpaka miguuni kama nyuzi za mvua, na mara moja moja alitikisika kidogo, kisha akatulia. Alikuwa na kidevu kikubwa, kizuri, chenye kishimo katikati.

"Karibu, baba mkubwa," mpiga chapa akasema. "Vua viatu, nimetoka kupiga deki."

Mtu wa umri wake asingeweza kukosea kidevu kile. Mwenyewe watu walimwita hivyo hivyo, Kidevu, na jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye kaburi. Alikuwa amefariki miaka thelathini iliyopita, mzee mwenye kitambi na kisukari. Huyu aliyekuja alikuwa yule wa kwenye filamu ya stesheni, filamu yake ya kwanza, alipokuwa na miaka thelathini na minne na wanawake wakikata tiketi mara mbili kwa siku moja.

Mgeni alivua viatu, akaviweka sambamba na vya wenyeji. Akachezesha midomo. Haikutoka sauti, wala pumzi.

"Baba yumo ndani," mpiga chapa akasema. "Ngoja nimwite."

Alijua mgeni amemfuata nani. Alijua pia kwamba hilo jambo lingemgharimu mtu, na mtu huyo hangekuwa mgeni.

Baba yake alikuwa na miaka themanini na mmoja. Zamani, kabla mpiga chapa hajazaliwa, mzee alikuwa mpokea simu wa kampuni ya filamu. Kidevu alipoletwa kampuni, kila mtu alifurahia sura yake hadi alipofungua mdomo. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mbu aliyenaswa ndani ya chandarua. Wakubwa wakakaa kikao. Kikao kikiendelea, simu ikalia, kijana wa mapokezi akaipokea, na sauti yake nzito, laini, ikapenya chini ya mlango mpaka mezani. Tangu siku hiyo, kwa miaka kumi na minne na filamu kumi na moja, Kidevu alichezesha midomo mbele ya kamera, na mpokea simu alifungiwa chumba chenye magodoro ukutani, akatazama midomo ile kwenye kitambaa cheupe na kuijaza maneno. Jina lake halikuandikwa kwenye filamu hata moja. Jina la mpishi wa wapiga picha liliandikwa, tena mara mbili, kwa makosa.

Mpiga chapa alipokuwa na miaka mitano alipelekwa sinema, Kidevu akasema neno la kwanza, na mtoto akasimama juu ya kiti kumwonyesha mama yake kwamba baba yuko pale. Mama alimziba mdomo kwa kiganja. Filamu ilikwisha kiganja kikiwa pale pale.

Sasa mzee alikuwa akiongea kwa mpango. Mwaka uliotangulia, daktari wa koo alimwangalia kwa taa yake ndogo, akaandika, akavua miwani. Alisema koo limebakiwa na maneno elfu tatu na mia mbili, na kwamba dawa ya kuyaongeza hakuna, ila yasiliwe na salamu za barabarani. Mpiga chapa alikubali maelezo hayo, akanunua daftari. Kazi yake ya miaka ishirini na tisa ilikuwa kuandika kila kinachosemwa mahakamani bila kupunguza, kwa hiyo kuhesabu maneno hakukumsumbua. Asubuhi ile ya mgeni yalikuwa yamebaki elfu mbili na mia moja.

Kati ya hayo, neno moja lilikuwa lake. Alikuwa amerithi jina la bibi, mama wa mzee, na kila asubuhi mzee alipoletewa chai alimtazama, akasema, "Mama." Basi. Siku nzima ingeweza kupita bila neno lingine. Mpiga chapa alikuwa amepiga hesabu: wakibana matumizi, neno moja kwa siku, ni miaka mitano na ushee ya asubuhi.

Mzee alitoka chumbani na mkongojo wake. Wanaume wale wawili walitazamana. Hapo ikazuka shida ya salamu. Zamani Kidevu ndiye aliyekuwa mkubwa, kwa miaka minane na kwa cheo. Sasa mpokea simu alikuwa na mvi mpaka masikioni na mwenzake hakuwa na kunyanzi hata moja. Kidevu akainamisha kichwa, midomo ikacheza, na mzee, ambaye hakuwahi katika maisha yake kuitazama midomo ile ikicheza akanyamaza, akasema kwa sauti nzito iliyovitetemesha vikombe kabatini:

"Shikamoo."

Kisha akajijibu kwa sauti yake ya uzeeni, "Marahaba."

Akaona aibu. Hakuwahi kuitikia marahaba kwa kaka yake huyo. "Shikamoo," akaongeza haraka. Midomo ya Kidevu ikacheza, na mzee ikambidi aitikie kwa niaba yake, "Marahaba."

"Manne," mpiga chapa akasema. "Na hamjaketi bado."

Waliketi. Maongezi yakaenda hivyo hivyo: Kidevu alichezesha midomo, mzee akamsemea kwa sauti nzito, akajijibu kwa ile yake ya uzeeni. Mtu aliyepita dirishani angedhani mzee anaongea peke yake, na asingekosea sana.

"Wamenifufua," sauti nzito ikasema. "Picha ni nzima. Utepe wa sauti umeoza wote."

"Nilisikia," sauti ya uzeeni ikajibu.

"Wamenipa sauti ya kijana. Yule wa sabuni."

Mzee aligeuka kumtazama binti yake, kwa sababu kijana wa sabuni walimjua. Alikuwa akipiga kelele redioni kila baada ya taarifa ya habari kwamba povu ni upendo.

"Nikaondoka," sauti nzito ikasema. "Nimewaachia kiti."

Ilikuwa kweli. Siku tisa nzima mafundi wa kampuni walikuwa wakiitazama filamu ile na kuona ofisi ya stesheni, kiti kitupu, na waigizaji wengine wakiongea na kiti kwa heshima zote. Kwenye fomu ya matengenezo waliandika: kasoro ndogo.

Kidevu aliishika kofia yake kwa mikono miwili. Midomo ikacheza polepole, na mzee akasema kwa sauti nzito, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine, "Ulisema utanisemea mpaka mwisho."

"Nilisema," mzee akajibu.

Mpiga chapa alirudi jikoni. Viazi vilikuwa bado viko nusu. Baada ya muda Kidevu akaja, akachukua kisu cha pili, akasaidia kumenya bila kuombwa. Kila kiazi alichokishika kilikuwa kijivu, na kila alichokitupa kwenye sufuria kikarudia rangi yake.

Alilala kwenye kochi la sebuleni. Hakula, wala hakuchafua shuka. Jumapili jirani alichungulia dirishani kuomba chumvi.

"Nani huyo?"

"Mgeni wa baba."

"Anaumwa? Mbona amepauka hivyo?"

"Ni wa zamani."

"Aa," jirani akasema. "Chumvi iwe ya unga, shoga, ile ya mawe inaniharibia kinu."

Jumatatu asubuhi mpiga chapa aliketi mbele ya baba yake, daftari mapajani. Kubishana na mtu anayeweka akiba ya maneno ni kama kucheza bao peke yako, ila alikuwa na mazoezi.

"Baba, nimepiga simu kampuni. Sehemu yake yote ni maneno elfu moja mia tisa themanini na nane. Unajua yatabaki mangapi?"

Mzee alitikisa kichwa kwamba anajua.

"Mwambie hapana. Yeye ni picha, baba. Picha haioni njaa, haioni baridi. Mimi hapa ndiye nitakayekuletea chai ukinitazama tu kama mwiko."

Mzee akainua kidole kutaka kusema.

"Na usiniambie ahadi ni deni. Hayo ni maneno matatu."

Mzee akacheka bila sauti mpaka mabega yakatikisika, naye mpiga chapa akacheka, kisha akalia kidogo, akafuta pua kwa aproni. Mzee alimshika mkono. Alifikiri kwa muda mrefu, kama mtu sokoni mwenye noti moja ya mwisho.

"Alikuwa hospitali," akasema. "Watu walimzunguka kitandani, wanangoja aseme chochote. Aliogopa kufa kwa sababu ya kelele ambayo angetoa."

Maneno kumi na sita. Mpiga chapa aliyaandika, na hakumwuliza tena.

Jumanne walikwenda kampuni wote watatu. Meneja alikuwa mwanamke kijana, mwenye adabu, na meza yenye kioo kisafi. Alimsalimu mzee kwa mikono miwili, akamsalimu Kidevu, akamwambia wamemkosa sana kwenye kiti. Kisha akatoa karatasi. Karatasi ilisema mzee atarekodi Alhamisi, na kwamba mabango ya filamu, ambayo yalikuwa yamekwisha kuchapwa, yatabaki yalivyo. Bango moja lilikuwa ukutani nyuma yake. Lilisema: Kidevu, kwa sauti yake mwenyewe.

"Na jina la baba?" mpiga chapa akauliza.

"Tutaliweka kwenye kumbukumbu zetu za ndani," meneja akasema.

"Ni wapi huko?"

Meneja alionyesha kabati la chuma pembeni, lenye kufuli na chungu cha maua juu yake. Hakuwa akitania. Mzee alitia sahihi. Kidevu alitazama dirishani muda wote, na mikwaruzo yake iliongezeka.

Jumatano jioni, taa zikiwa hazijawashwa bado, Kidevu alisimama mbele ya kiti cha mzee. Alivuta sare yake ikanyooka. Midomo ikaanza kucheza, taratibu, kila neno limekamilika, jinsi alivyokuwa akifanya kwenye picha za karibu. Mpiga chapa alingoja sauti nzito itoke. Haikutoka. Mzee aliitazama midomo ile, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mapokezi akaiacha icheze bure.

Kidevu akarudia. Mzee akatikisa kichwa kukataa.

"Anasema nini?" mpiga chapa akauliza.

"Mwisho wa filamu," mzee akasema. "Anataka nitaje jina langu."

Ilikuwa rahisi, ukiitazama. Filamu ilikwisha na msimamizi wa stesheni amesimama pale anapotokea mke wake, anatazama kamera. Palikuwa na nafasi ya maneno mawili au matatu. Kidevu angechezesha midomo, mzee angejitaja, na ukumbi mzima ungejua sauti ile ni ya nani.

"Basi kubali," mpiga chapa akasema. "Baba. Mwenyewe ndiye anayetaka."

Mzee alimwonyesha mikono ya Kidevu. Ilikuwa ikitetemeka hivi kwamba vifungo vya sare vililia. Mtu yule alikuwa tayari kufanya jambo aliloliogopa kuliko kifo, na angelifanya kila filamu ikionyeshwa, mchana na jioni, mbele ya watu, bila kuwa na umri wa kulizoea. Mzee alichukua kofia iliyokuwa kwenye kochi, akamvalisha, akaiweka sawa.

Alhamisi saa nne asubuhi waliingia studio. Chumba kilikuwa kile kile, ila magodoro yalikuwa yamebadilishwa kuwa sifongo. Kitambaa kilionyesha ofisi ya stesheni na kiti kitupu. Karani wa stesheni, kwenye picha, alikuwa akikieleza kiti kuhusu mizigo iliyopotea. Kidevu alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili, akamwinamia mpiga chapa, kisha akaenda moja kwa moja kwenye kitambaa, akanyanyua mguu kama anayevuka kizingiti, akaingia. Alifuta kiti kwa leso, akaketi. Karani hakusema kitu, ila alionekana amepata nafuu.

Mpiga chapa aliketi nyuma ya kioo, pamoja na fundi wa sauti, na daftari lake. Kulikuwa na maneno elfu mbili na kumi na moja. Akitoa sehemu ya Kidevu, yangebaki ishirini na matatu. Asubuhi ishirini na tatu. Alikuwa amekwisha kuzipanga: angezitumia Jumapili tu, na hapo ni karibu nusu mwaka.

Mzee alivaa vidude vya masikioni, akasimama bila mkongojo, akaanza.

Mpiga chapa hakuwa ameisikia sauti ile ikifanya kazi tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili. Ilitoka kwenye mwili ule uliokauka kama gari moshi linavyotoka kwenye handaki. Msimamizi wa stesheni aliuliza habari za mizigo. Aliwatania mapagazi. Alisoma barua ya mke wake aliyeondoka, akaikunja, akaifungua tena. Mzee hakukosea hata silabi. Aliitazama midomo ile kama mtu anavyotazama uso wa mtoto anapomlisha, na mdomo wake mwenyewe ulifunguka kabla ya ule mwingine, kidogo tu, kumwonyesha njia.

Saa nane kasoro robo yalikuwa yamekwisha. Mpiga chapa alipiga mstari chini ya hesabu. Ishirini na matatu.

Fundi wa sauti alirudisha mashine nyuma kusikiliza. Kisha akashika kichwa.

"Dada, nisamehe," akasema. "Ni mimi. Mke wangu ameondoka mwezi huu. Pale kwenye treni nilishindwa, na huu mlango nilikuwa sijaufunga vizuri."

Wakasikiliza wote. Sauti nzito ilikuwa ikiongea, na katikati yake, wazi kabisa, kwikwi ya mwanamume mzima aliyejifunika mdomo kwa mkono.

"Huwezi kuiondoa?" mpiga chapa akauliza.

"Nikiondoa kilio changu nitaondoa na maneno yake. Vimeshikana. Ikibaki hivi, watamwekea yule wa sabuni hapo."

Mpiga chapa alihesabu sentensi ile. Akaihesabu tena kuanzia nyuma, kwa sababu wakati mwingine mahakamani hilo husaidia. Ilikuwa maneno ishirini na moja. Upande wa pili wa kioo baba yake alikuwa amesimama anamtazama yeye, si kitambaa. Hakuwa akiomba ruhusa kwa maneno. Maneno hakuwa nayo ya kuchezea. Ila alikuwa akiomba, na alikuwa tayari kukataliwa. Angesema hapana, mzee angevua vidude vya masikioni, na wangekwenda nyumbani na Jumapili zao.

Kwenye kitambaa, Kidevu alikuwa amesimamishwa mdomo ukiwa wazi.

Mpiga chapa alikwenda akaufunga mlango wa fundi kwa nguvu, akakijaribu kitasa, kisha akarudi kwenye kioo na kuinamisha kichwa kwamba sawa.

"Mke wangu alisema atarudi kwa treni ya saa kumi," mzee akasema kwa sauti nzito, "na mimi nimeamua kuamini treni kuliko watu, kwa hiyo nitamsubiri hapa hapa."

Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza. Fundi wa sauti alilia tena, mlango umefungwa.

Mzee alitoka chumbani akiwa ameshika ukuta. Mpiga chapa alimpa mkongojo na koti. Alijua yamebaki maneno mawili, na mzee alijua, na katika ukanda mrefu wa kampuni, wenye picha za Kidevu ukutani kuanzia mwanzo hadi mwisho, mpiga chapa alitembea polepole akijiandaa. Alifikiri labda litakuwa jina lake mara mbili. Alifikiri labda itakuwa ahsante, na lingine la kuweka. Mzee alisimama chini ya picha ya mwisho, akamgeukia, akamshika shavu.

"Usimwambie mtu," akasema.

Mpiga chapa alimtazama. Lilikuwa jambo dogo, na lilikuwa limenunuliwa kwa vyote vilivyobaki.

"Sitamwambia," akajibu.

Ijumaa asubuhi alimletea chai. Mzee alimtazama, midomo ikakutana, ikaachana, ikakutana tena, ikaachana. Haikutoka sauti. "Naam, baba," mpiga chapa akasema, akaweka sukari.

Jumapili saa kumi alasiri ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Waliketi safu ya kumi na mbili, kwa tiketi walizonunua, kwa kuwa za mwaliko zilikuwa zimekwisha. Kidevu alizungumza, na watu wazima walishikana mikono gizani. Hakuna aliyekohoa. Alipofika kwenye maneno ya treni, mpiga chapa alisikia ukumbi mzima ukivuta pumzi kwa pamoja, kisha ukaisahau. Mke alishuka kwenye treni. Kidevu alitazama kamera, akanyamaza, taa zikawaka.

Watu walisimama. Walipiga makofi dakika sita, wakikipigia kitambaa kitupu. Majina yalikuwa yamepita mwanzoni, na mpishi wa wapiga picha alikuwemo, mara mbili. Meneja alipanda jukwaani, akasema maneno mazuri kuhusu sauti ambayo haikuwahi kuwa na mfano, akaomba kama ukumbini yupo yeyote aliyewahi kufanya kazi na marehemu, asimame, apewe heshima yake. Alitazama safu zote isipokuwa ya kumi na mbili. Mzee alikuwa amesimama tayari, kama wengine, anapiga makofi kama wengine.

Kushoto kwa mpiga chapa palikuwa na nesi mstaafu, leso yake imelowa.

"Mimi niliolewa kwa ajili ya sauti ile," nesi akasema. "Marehemu mume wangu alikuwa akiiiga. Alikuwa hawezi, masikini, alikuwa anakohoa tu, lakini nilimhurumia kwa kujitahidi." Alicheka, akajifuta. Kisha akamwegemea mpiga chapa, kwa sauti ya chini. "Wewe nilikuona unalia tangu neno la kwanza. Ulimjua, ee? Niambie, mwanangu. Nyumbani kwake alikuwa akiongea hivyo hivyo?"

Maneno yalimjaa mpiga chapa kinywani, mengi, yote yake, hayana hesabu. Ilikuwa kazi yake ya miaka ishirini na tisa, kuulizwa nani alisema nini na kujibu sawasawa. Upande wake wa kulia mzee alikuwa bado anapiga makofi, viganja vimekuwa vyekundu.

"Sijui, mama," akasema. "Mimi nilimwona kwenye sinema tu."